Jiwe Halishiki Gongo

Bao la kumi na moja Asteria alilifunga Jumamosi jioni, na jasho lilikuwa halijamkauka Kocha Wilbard alipolitafutia mwenyewe. Mwenyewe hakuwa Asteria.

"Huyu binti mwaka huu ana bahati," alisema, akikusanya jezi na kuzisokomeza kwenye gunia. "Bahati ya kupitiliza. Yaani mpira wenyewe unamtafuta!"

Wachezaji wakacheka. Mzee Sefania, mwenyekiti wa timu, akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Asteria alikuwa amekaa chini anafungua viatu, na yeye hakucheka. Neno hilo alikuwa amelisikia baada ya bao la tatu, akalisikia tena baada ya la tano na la nane, na kila mara alijilazimisha kutabasamu kama mtu anayesifiwa. Siku hiyo tabasamu liligoma. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Kocha," alisema, "na mwaka jana nilipokuwa sifungi, ilikuwa nini?"

"Mwaka jana ulikuwa hujui," Kocha Wilbard akajibu bila hata kufikiri.

Jamani! Mwaka jana hajui, mwaka huu ana bahati. Pa kujua hapo katikati hapakuwepo kabisa. Mtu anaruka kutoka kwenye kutojua anatua kwenye bahati, na watu wazima wenye akili zao timamu wanaona ni sawa. Asteria alifunga kamba za viatu alivyokuwa ameshaanza kuvifungua, akachukua gongo lake, akaondoka bila kuaga. Nyuma yake akamsikia mtu akisema, "Mh, Wagweno na hasira zao."

Timu ilikuwa ya wanawake, ya mpira wa magongo, katika mji wa Same ambako wengi mchezo huo hawakuwa wameuona hata kwenye televisheni. Mwanzoni wapita njia walisimama wakauliza hao akina dada wanaua nyoka gani mkubwa kiasi hicho. Uwanja wao ulikuwa kipande cha ardhi nyuma ya shule, vumbi na kokoto, na upepo wa Same ukiamua kuvuma unakula mchanga mpaka meno yanasaga. Gongo lina upande mmoja bapa na mwingine wa mviringo, na mpira unaruhusiwa kuguswa kwa ule bapa tu. Mguu marufuku. Kwa hiyo mpira ukikujia kushoto inabidi ugeuze gongo kufumba na kufumbua, na hapo ndipo wengi wanapoumbuka.

Mwaka jana Asteria aliumbuka hapo kila wiki. Tusimpendelee. Mpira ulikuwa ukimfikia unaruka juu ya gongo kama umeungua, na akigeukia kushoto ndiyo kabisa, ungedhani ameshika mwiko wa ugali. Msimu mzima alipata bao moja, nalo lilibishaniwa. Hakuna aliyemwonea aliposema hajui.

Halafu zikaja mvua za masika, mama yake akaanguka akaumia mguu, na Asteria akaomba ruhusa kwenye ghala la tangawizi alikokuwa akifanya kazi, akapanda kwao Ngujini kumuuguza. Alikwenda na gongo na mpira. Ngujini ni mlimani, Ugweno kwenyewe, na shamba la kwao limesimama kiasi kwamba ukidondosha chungwa mlangoni unaliokota kwa jirani. Mama Raheli akawa anakaa kwenye kigoda juu penye jiko, mguu ameunyoosha, hana la kufanya, amechoka kukaa. Siku moja Asteria akamwomba amtupie mpira. Mama akautupa. Ukateremka katikati ya kahawa na migomba, Asteria akaukosa, ukaenda zake mpaka kwenye kijito bondeni, na yeye akaufuata, akapanda nao tena, roho mkononi.

"Usiukose!" mama akamfokea. "Kesho utaniangukia na wewe, halafu nani atampikia mwenzake?"

Basi ndivyo ilivyokuwa kila siku, masika yote. Mama anatupa kwa nguvu za mwanamke aliyezoea jembe, mpira unadunda kwenye mizizi, unakuja kulia, unakuja kushoto, na atakayeukosa anateremka bondeni. Miguu ikimwaka moto, mikono ikajifunza. Mvua zilipokwisha, mpira ukimfikia Asteria unafia pale pale kwenye gongo. Aliporudi Same alimweleza kocha. Kocha akasema, "Ulikwenda kuuguza au ulikwenda kambini?" Habari ikaishia hapo.

Sasa jambo lenyewe lililokuwa linamchoma si maneno matupu. Mkoa ulikuwa umeomba mchezaji mmoja kutoka Same aende kambini Moshi, na kambini humo ndimo ilimokuwa inachaguliwa timu ya taifa ya wanawake. Mmoja tu. Na kamati ya Same ilikuwa haijui impeleke Asteria au Diana.

Diana alikuwa mtoto wa hapo hapo Same, amesoma Moshi, ana gongo lake zuri alilonunuliwa na kaka yake, na akikimbia na mpira, raha kumtazama. Mwaka jana yeye ndiye alikuwa mfungaji. Mwaka huu alikuwa na mabao mawili. Mara agonge mwamba, mara apaishe, mara ampige golikipa kifuani, na kila mara Mzee Sefania alitikisa kichwa kwa huruma akasema, "Bahati mbaya, mtoto wa watu." Huyu akikosa, bahati mbaya. Yule akifunga, bahati nzuri. Asteria aliyaweka maneno hayo mawili pamoja usiku kucha kichwani, na kulipopambazuka alikuwa amefura.

Jumatatu alipotoka kazini, mikono bado inanuka tangawizi, alipita kwenye mgahawa wa Bi Dorkas. Bi Dorkas alikuwa mjumbe wa kamati, na vikao vilifanyika kwake kwa sababu chai ilikuwa karibu. Ndani walikuwa watatu: yeye mwenyewe, Kocha Wilbard na Mzee Sefania.

"Shikamooni."

"Marahaba, binti," Mzee Sefania akasema. "Tulikuwa tunakutaja. Kaa."

"Nitasimama, mzee."

Kocha akashusha kikombe. "Asteria, usinielewe vibaya. Mimi nakupenda kama mdogo wangu. Lakini hebu tuongee kama watu wazima. Mtu habadiliki hivyo. Bao moja mwaka jana, leo kumi na moja? Mchezaji anapanda kidogo kidogo. Ukiona mtu anaruka ghafla, ujue kuna upepo unambeba, na upepo unakata. Nikikupeleka Moshi ukakata huko, nitaficha wapi uso?"

"Mabao yangu umeyaona, kocha?"

"Nimeyaona! Lile la Jumamosi je? Mpira umegonga jiwe, ukageuka, ukakufuata wewe. Na lile la siku ya sherehe? Jiwe tena. Uwanja ule una mawe upande wa goli la kule, na wewe ndiko unakosimama. Hilo ni jiwe linafunga, mwanangu."

Hapo Asteria hakubisha, maana hakuwa mwongo. Mabao mawili, kweli, jiwe lilimletea. Alijua yapi, na alijua kwamba siku ile ya sherehe hata yeye alishangaa. Lakini jiwe lilimletea mpira mkali usioeleweka unakotoka, na yeye akauzima, akaupiga. Hiyo sehemu ya pili ndiyo watu hawa walikuwa wanaimeza kama maji.

"Jiwe halishiki gongo, kocha," alisema.

"Na mimi nina swali," Bi Dorkas akadakia, akipangusa meza ambayo ilishakuwa safi. "Hayo mawe mwaka jana hayakuwepo? Si yalikuwepo? Mbona hayakumpa Asteria hata moja? Na Diana naye si anacheza uwanja huo huo? Au mawe ya Same yanachagua kabila?"

"Dorkas, usilete siasa," Mzee Sefania akasema.

"Siasa gani? Nimeuliza jiwe tu."

Mzee Sefania alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kupenda mambo yaishe kwa amani, na amani kwake maana yake ilikuwa kila mtu anyamaze. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Halafu uso ukamchangamka kama mtu aliyegundua dawa.

"Basi tuyaondoe," alisema. "Mawe. Tupige msaragambo, uwanja usawazishwe kabla ya mechi ya Mwanga. Uwanja ukiwa sawa, bahati haina pa kujificha. Atakayefunga hapo, amefunga."

Ukiwa na Wapare, jambo lolote likishindikana kwa mdomo linapelekwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya watu wote. Barabara imekatika, msaragambo. Mfereji umeziba, msaragambo. Sasa na bahati ya mtu nayo itachimbwa kwa jembe, watu wamejipanga mstari! Kocha akaona ni wazo la maana. Hata Bi Dorkas akakubali, ingawa alikuna kichwa.

"Sawa," Asteria akasema. "Nitakuja na jembe langu."

Akaja nalo. Alfajiri ya msaragambo timu nzima ilikuwa uwanjani, na wazazi, na majirani wawili watatu waliokuja kwa sababu ukisikia msaragambo halafu ukalala, kesho utaonekana vipi? Asteria akaenda moja kwa moja upande wa goli la kule, kwenye mawe yake, akaanza kupiga. Alichimba kama anayemchimbia mtu shimo. Kila jiwe alilong'oa alilitupa kwenye toroli kwa kishindo, na kila kishindo Kocha Wilbard aligeuka.

"Pole pole, utajiumiza," kocha akamwambia.

"Si ndiyo bahati yangu hii? Nataka niing'oe yote, isibaki hata punje."

Mtu mmoja akacheka, akakoma. Diana alikuwa anachimba karibu naye, kilemba kimejaa vumbi, mikono imeshatoka malengelenge. Hawakuwa maadui hao wawili. Hawakuwa marafiki pia. Diana akanyoosha mgongo, akasema taratibu, "Mimi pia wamenichosha. Nikikosa wananipa pole mpaka natamani kulia. Hakuna anayeniambia nimepiga vibaya nikarekebisha."

Asteria akamtazama. Alitaka kuwa na hasira naye, akaikosa, na kuikosa kukamuudhi zaidi. "Unainua kichwa kabla hujapiga," alimwambia kwa ukali. "Kila mara."

Diana akashusha jembe. "Kweli?"

"Kweli. Shika toroli hilo."

Jua lilipoanza kuwaka, uwanja ulikuwa umelala kama mkeka. Wakaumwagia maji, wakaushindilia kwa gogo. Mzee Sefania akapita juu yake na viatu vyake vya kanisani, akapiga mguu chini, akatangaza kwamba sasa haki itaonekana.

Timu ya Mwanga ikaja. Watu walijaa kuliko kawaida, kwa sababu habari ya kupima bahati ilikuwa imezunguka mjini mpaka stendi. Asteria aliingia uwanjani amekaza meno. Dakika za mwanzo mpira haukumfikia kabisa, na alimsikia mtu nyuma ya mstari akisema, "Si mnaona? Mawe yamekwisha, na yeye amekwisha." Akamtafuta kwa macho, hakumpata, akaapa atamjibu kwa kishindo cha mpira.

Kisha Diana akaukata kutoka katikati. Alipiga pasi kali ya chini, na ilikuwa imepotoka, inaenda kushoto kwa Asteria, kule kule alikokuwa akiumbuka zamani. Beki wa Mwanga alikuwa mgongoni kwake. Asteria akageuza gongo, mpira ukafia hapo, tii, na kabla beki hajajua amepitwa upande gani, akaupiga hivyo hivyo gongo likiwa limegeuzwa, mkono mmoja juu, ukapita chini ya goti la golikipa. Uwanja mzima ulipiga kelele. Kipindi cha pili akafunga tena, kwa kona fupi, bao safi, hata refa akatikisa kichwa kwa mshangao. Diana naye alipiga moja, safari hii bila kuinua kichwa, likagonga mwamba likarudi. Mwanga walipata moja. Same wakashinda mawili kwa moja.

Asteria alisimama katikati ya uwanja, anahema, anamtazama Kocha Wilbard. Hakuwa anaomba sherehe. Alikuwa anasubiri neno moja tu.

Kocha akaja amefungua mikono. "Aisee! Uwanja mpya, golikipa wao hajauzoea, na bado mpira unakwenda kwako! Wewe binti una bahati wewe!"

Damu ilimchemka Asteria mpaka akaona vumbi lote ni jekundu. Alikuwa na gongo mkononi, na ni Mungu tu anajua kwa nini kocha yule alirudi nyumbani na meno yake yote.

Baada ya mechi kamati ikaita wachezaji wawili kwenye darasa moja la shule. Asteria alikaa dawati la kwanza, Diana la pili. Mbele, mezani, palikuwa na kofia ya Mzee Sefania imegeuzwa chini juu, na ndani yake vikaratasi viwili vimekunjwa.

"Wanangu," mzee akaanza kwa ile sauti yake ya ibada, "tumejadiliana sana. Kocha anasema ni bahati. Bi Dorkas anasema ni ufundi. Mimi sitaki kumwonea mtu. Mkoa wanataka jina leo hii. Basi tumeona tumwachie Mungu. Karatasi moja imeandikwa Nenda, nyingine Baki. Hata mitume walipiga kura walipotaka kujaza nafasi. Tuombe."

Akaomba, maombi marefu yenye milima na mabonde. Asteria hakufumba macho. Alikuwa anaitazama ile kofia. Alichimba mawe kwa mikono yake ili waone, wakaangalia na bado hawakuona. Na sasa watu waliokaa wiki nzima wakibishana kama mtu huyu ana ufundi au ana bahati, wameona dawa yake ni kupiga kura ya vikaratasi! Bahati ndiyo imeitwa kuja kuamua kesi ya bahati. Alitazama pembeni aone kama kuna mwingine aliyeshtuka. Bi Dorkas tu ndiye alikuwa ameinamisha kichwa, na si kwa maombi.

"Amina," mzee akasema. "Diana, wewe ndiye mkubwa. Chukua."

Diana akanyanyuka, akachukua, akafungua. "Baki," alisema.

Kocha Wilbard akapiga makofi. "Haya basi! Mnaona? Hata karatasi hakuchagua! Imebaki yenyewe inamsubiri! Asteria, kuna mtu na bahati kama yako dunia hii?"

"Njoo uchukue yako, mwanangu," Mzee Sefania akasema, anatabasamu, "halafu utupe neno la shukrani."

Asteria akasimama. Safari ya Moshi aliitaka kuliko kitu chochote. Aliitaka kiasi kwamba usiku alikuwa akijiona ameshavaa ile jezi. Ilikuwa pale, ndani ya kofia, mkono mmoja tu.

"Hiyo karatasi siichukui," alisema.

"Nini?"

"Siichukui, mzee. Hiyo ndiyo bahati. Leo ndiyo mara ya kwanza nimepewa bahati katika timu hii, na siitaki. Nikiichukua, hata nikifika timu ya taifa mtasema ni kofia ya Mzee Sefania. Kama hakuna mtu humu ndani anayeweza kufungua mdomo akasema Asteria anajua, basi Same isipeleke mtu."

"Mimi nimetoa Baki," Diana akasema haraka, "na siendi eti kwa sababu mwenzangu amekataa."

"Ebo! Nyie watoto!" Mzee Sefania akapiga meza. "Mnamgomea Mungu?"

"Namgomea Mungu wapi? Nakugomea wewe!" Asteria akatoka, mlango ukagonga ukuta.

Nje alitembea hatua chache, akaegemea ukuta wa darasa. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa hasira, na kulia kwenyewe kulimtia hasira nyingine. Kocha Wilbard akamfuata mbio, karatasi mkononi.

"Asteria, wewe una wazimu? Umepata! Imeandikwa Nenda, tazama!"

"Najua imeandikwa nini. Ya mwenzangu ilikuwa Baki, ingebaki ipi?"

"Sasa shida iko wapi?"

"Nikifunga huko Moshi, kocha, utasema nini?"

Kocha akafungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, limezoea njia. Akaufunga. Akaufungua tena, na safari hii alionekana kama mtu aliyejisikia mwenyewe anavyonuka.

"Sema tu," Asteria akamwambia. "Si umelisema mwaka mzima? Mpira unakuja kushoto, nageuza gongo, nauzima, naupiga. Wewe kocha mzima. Unaweza kufanya hivyo?"

"Siwezi," kocha akasema.

"Katika timu hii nani anaweza?"

Upepo ulikuwa umeanza, unazungusha vumbi kwenye uwanja wao mpya. Kocha Wilbard aliikunja ile karatasi, akaikunja mpaka haikukunjika tena, akaitupa. Halafu akageuka, akaingia darasani, na Asteria akamsikia kwa dirisha akifoka kama hajawahi kufoka kwenye mechi yoyote.

"Mpigie simu Mwalimu Rogathe wa mkoa sasa hivi, mzee! Mwambie Asteria anakwenda! Anakwenda kwa sababu anajua! Na mimi ndiye mjinga niliyekuwa nasema hajui!"

Ikaja sauti ya Mzee Sefania, laini, imeshangaa kweli kweli.

"Kwani nani alisema hajui?"

Asteria akarudi mlangoni. Alitaka kumwona usoni mtu anayeweza kusema hivyo bila kupepesa. Mzee hakupepesa. Alikuwa ameshaweka simu sikioni, na kwa sababu masikio yake yalikuwa mazito aliiweka sauti ya juu, darasa zima likawa linasikia.

"Mwalimu Rogathe? Ndiyo, Sefania hapa, Same. Jina tunalo. Anaitwa Asteria."

"Asteria," sauti ya mwanamke ikasema. "Si ndiye yule mnayesema ana bahati sana?"

"Bahati?" Mzee Sefania akainua mabega, amekasirika kabisa, amechukizwa. "Bahati gani, mwalimu? Nani anakuletea maneno hayo? Huyu ni ufundi mtupu! Tumemlea wenyewe hapa hapa, tumemfundisha kidogo kidogo, tumemsawazishia mpaka uwanja. Ni kazi ya kamati yetu, mwalimu. Kazi ya miaka!"

Bi Dorkas aliweka mkono mdomoni. Diana alisema, "Loo!" kwa sauti. Walipomnyima ufundi waliupa jiwe, na walipolazimika kuukubali wakajitwalia wao, jioni ile ile, kwa mdomo ule ule! Asteria alivuka darasa, akafika mezani, akanyoosha mkono. Hakuomba. Mzee alimtazama usoni, akampa simu.

"Shikamoo, mwalimu," Asteria akasema. Sauti ilikuwa inatetemeka, akaiacha itetemeke. "Mimi ndiye Asteria."

"Marahaba. Haya niambie, wewe ni wa bahati au ni wa kamati?"

"Mimi si wa mtu. Nikifika, usimuulize yeyote habari zangu. Weka mtu anipigie mpira, upande wa kushoto, kwa nguvu zake zote. Uangalie mwenyewe. Halafu ndipo useme."

Mwalimu Rogathe akasema, "Gari la kwanza kutoka Same linafika hapa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Nitakuwa uwanjani. Nitapiga mimi mwenyewe."